Tanzania: Antibiotiki kwa watoto, nani apewe, kiasi gani na kwa siku ngapi

Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, zahanati na vituo vya afya 40 katika mikoa ya Mbeya na Morogoro nchini Tanzania viligawanywa katika makundi mawili kwa ajili ya utafiti. Katika kundi la kwanza, matabibu waliendelea kuwahudumia watoto kama walivyozoea. Katika kundi la pili walipewa kompyuta ndogo ya mkononi yenye programu iliyowaongoza hatua kwa hatua: maswali ya kumwuliza mama, dalili za kutafuta katika mwili wa mtoto, na vipimo vichache, kikiwamo kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine. Pale palipoachwa huduma ya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Pale palipokuwa na programu waliandikiwa 23. Siku saba baadaye, idadi ya watoto waliozidiwa badala ya kupona ilikuwa karibu ileile kwa pande zote mbili, chini ya 4 katika kila 100. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya watoto walioonwa kwa utaratibu wa kawaida walibebeshwa dawa ambayo wangepona bila ya kuimeza.

Takwimu hizo zaweza kumfanya mzazi aichukie dawa yenyewe, na hapo pangekuwa na hatari nyingine. Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi au homa ya mapafu, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka mitano, na mtoto mwenye nimonia ya bakteria anaponyimwa antibiotiki kwa siku mbili au tatu anaweza kupotea. Mtoto mmoja hudhurika kwa kupewa, mwingine kwa kukosa. Usalama wa dawa hizi huanzia katika kuwatofautisha watoto hao wawili, kabla hata chupa haijafunguliwa.

Virusi na bakteria

Antibiotiki, ambazo Kiswahili sanifu huziita viuavijasumu na ambazo mitaani bado huitwa "rangi mbili" kwa sababu ya sura ya kapsuli zake za zamani, huua au kudumaza bakteria. Haziwezi lolote dhidi ya virusi. Mafua, kikohozi cha kawaida, koo la kuwasha pamoja na pua inayochuruzika, na sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto wadogo, hutokana na virusi. Kamasi kugeuka njano au kijani hakuthibitishi kwamba bakteria wameingia, ijapokuwa imani hiyo imeenea mno.

Utafiti mwingine wa Tanzania, uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kliniki wakiwa na homa. Takriban saba katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 katika kila 100, na wenye vimelea, hasa malaria, walikuwa takriban 11. Baadhi walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja, ndiyo maana hesabu inapita 100.

Malaria ina nafasi yake ya pekee katika kisa hiki. Kwa miongo kadhaa kila homa ilihesabiwa kuwa malaria na kutibiwa hivyo. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea katika zahanati, watoto wengi walianza kupata jibu la "hakuna vimelea", na tabibu aliyekuwa na mama mwenye wasiwasi mbele yake akajikuta hana cha kumpa. Katika maeneo mengi kilichojaza pengo hilo ni antibiotiki. Yaani dawa moja isiyohitajika iliondoka mezani, nyingine ikakaa mahali pake. Hali kama hiyo huonekana kwa taifodi: kipimo cha Widal, ambacho bado hutumika sana katika maabara ndogo, huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo, na mtoto akaanzishiwa dawa kali kwa jibu hilo peke yake.

Kuhesabu pumzi

Kifaa kinachosaidia zaidi kutambua nimonia hakihitaji umeme wa gridi wala maabara. Ni saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, kifua au tumbo lake huangaliwa kwa dakika moja kamili na pumzi zake huhesabiwa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua haraka. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kiwango ni 40 au zaidi. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2 ni 60 au zaidi, na huyo si wa kutibiwa nyumbani kwa hali yoyote. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili hukosesha, kwa sababu watoto hawapumui kwa mwendo ulio sawa.

Dalili ya pili ni kifua kubonyea: sehemu ya chini ya mbavu huingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi. Nguo hulazimika kuinuliwa ili kuiona, jambo ambalo husahaulika katika foleni ndefu za asubuhi.

Je, mtoto anayekohoa na kupumua haraka, lakini asiye na dalili nyingine ya hatari, anahitaji dawa kweli? Swali hilo lilijaribiwa Lilongwe, katika nchi jirani ya Malawi. Watoto wa aina hiyo waligawanywa, wengine wakipewa amoksilini na wengine dawa ya mfano isiyo na kiini chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba tiba ilishindwa kwa watoto 4 katika kila 100 waliopata amoksilini, na 7 katika kila 100 waliopata dawa ya mfano. Wengi, basi, walipona kwa vyovyote. Lakini tofauti ya watoto watatu katika kila mia, ikizidishwa kwa mamilioni ya watoto wanaougua kila mwaka, si ndogo, na kwa sababu hiyo miongozo imeendelea kushauri wapewe dawa. Asiyepumua haraka na ambaye kifua chake hakibonyei ana kikohozi au mafua. Huyo apewe vinywaji vya kutosha, aendelee kunyonya na kula, na aangaliwe.

Zipo dalili ambazo zikionekana hakuna haja ya kuhesabu chochote, bali ni kwenda kituoni mara moja, usiku au mchana: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Kuanza kumnywesha dawa ya dukani kwanza "tuone itakavyokuwa" hupoteza saa ambazo mtoto huyo hana.

Jambo moja la kando halina budi kutajwa, kwa kuwa linajulikana pande zote za mpaka. Mtoto anayekohoa muda mrefu hupelekwa kwa fundi ili akatwe kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi ya bakteria ambayo sasa, tofauti na kikohozi cha awali, yanahitaji antibiotiki kweli.

Uzito kabla ya umri

Kwa nimonia isiyo kali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 amoksilini ya kumeza, na nchi za Afrika Mashariki zimefuata mkondo huo. Dawa hiyo hupatikana katika kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka ndani ya maji, kilichotengenezwa mahsusi kwa watoto. Katika mwongozo huo, mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1, mwenye uzito wa kilo 4 hadi chini ya 10, hupewa kidonge 1 mara mbili kwa siku. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 3, wa kilo 10 hadi chini ya 14, hupewa 2 mara mbili kwa siku. Wa miaka 3 hadi kabla ya 5, wa kilo 14 hadi 19, hupewa 3 mara mbili kwa siku. Siku zilizozoeleka ni 5. Anayeamua ni tabibu aliyempima mtoto, kwani mtoto mwenye utapiamlo, mwenye VVU au mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu yake.

Msingi wa viwango hivyo ni uzito. Umri ni mbadala tu pale mizani inapokosekana, nao hudanganya, kwa sababu watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana kilo nne. Mzazi ana haki ya kuomba mtoto wake apimwe uzito kabla dawa haijaandikwa.

Kidonge huwekwa katika kikombe au kijiko chenye kiasi kidogo cha maji safi, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kikishayeyuka, mtoto hunyweshwa chote, kisha kikombe husuuzwa kwa maji kidogo naye akanywa hayo pia, maana dawa hubaki imeganda chini. Kisifunguliwe kabla ya wakati na kuachwa juani.

Dawa ya maji ina mitego zaidi. Chupa nyingi huuzwa zikiwa na unga mkavu. Maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa hadi alama iliyochorwa, wala si hadi shingoni, kisha chupa hutikiswa. Maji yakizidi dawa hupungua nguvu, yakipungua humzidishia mtoto. Chupa hutikiswa tena kila inapotumika, la sivyo mtoto hunywa maji matamu siku za mwanzo na kupata dawa nzito mwishoni. Baada ya kuchanganywa haikai: kwa kawaida siku 7, au zaidi kidogo katika jokofu ikiwa lebo inasema hivyo.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika lebo. Amoksilini ya maji huuzwa kwa nguvu mbili zilizozoeleka, miligramu 125 katika mililita 5 na miligramu 250 katika mililita 5. Chupa hufanana, bei hukaribiana, ladha ni moja. Mama aliyeambiwa mwaka jana "kijiko kimoja" akirudia kijiko hichohicho kwa chupa nyingine anaweza kutoa dawa maradufu au nusu yake. Na kijiko chenyewe ni kipi? Kijiko cha chai hakilingani nyumba kwa nyumba. Bomba la sindano lililoondolewa sindano, lenye mistari ya mililita, ndicho kipimo cha kuaminika, nalo hugharimu kidogo kuliko dawa. Dawa hupitishwa pembeni mwa shavu taratibu ili mtoto asipaliwe. Kumbana pua na kummiminia akiwa analia ni hatari, kwani dawa inaweza kuingia katika njia ya hewa.

"Kutwa" na "dozi"

Maneno mawili ya Kiswahili huchangia makosa, na si kwa hatia ya mgonjwa. Bahasha ya dawa huandikwa "kutwa mara mbili". Katika lugha ya kila siku, kutwa ni mchana kucha hadi jua kuzama, kinyume cha kucha, yaani usiku mzima. Mama anayeyachukua maneno kama yalivyo atatoa dawa asubuhi na alasiri, kisha mtoto akapitisha zaidi ya saa 15 bila kitu. Kinachokusudiwa ni kila baada ya saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, kwa mfano. Wafamasia wanaotaja saa badala ya "kutwa" huwasaidia zaidi wateja wao.

Neno dozi nalo lina maana mbili. Kwa mtaalamu huweza kuwa kiasi cha kumeza kwa mara moja. Kwa watu wengi ni tiba yote, ndiyo maana husemwa "amemaliza dozi". Mtu aliyeambiwa "rudia dozi" anaweza kuelewa mambo mawili tofauti kabisa. Swali la kumwuliza mtoa dawa ni lenye vipande vitatu: kiasi gani kila mara, mara ngapi, kwa siku ngapi.

Homa mara nyingi hushuka siku ya pili au ya tatu na mtoto huanza kucheza. Hapo ndipo chupa nyingi huwekwa juu ya kabati. Dawa iliyoandikwa kwa siku 5 itolewe siku 5, isipokuwa tabibu aseme vinginevyo. Ni kweli kwamba tafiti za karibuni zinafupisha tiba: huko Lilongwe tena, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa kwa watoto wasio na VVU ambao vifua vyao vilibonyea bila dalili nyingine kali, siku 3 za amoksilini hazikuwa duni kuliko 5. Lakini tofauti iko katika nani anayefupisha. Kufupisha kwa ushahidi ni kazi ya miongozo.

Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, kiasi kilekile hurudiwa mara moja. Akitapika kila mara, huyo tayari yumo katika dalili za hatari. Akisahauliwa, hupewa mara wanapokumbuka, bila kumpa kiasi mara mbili kwa mkupuo. Mtoto wa nimonia anayetibiwa nyumbani hurudishwa kituoni baada ya siku 3 aangaliwe, hata kama anaonekana nafuu.

Madhara na dawa zisizofaa

Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni vya kawaida na havisimamishi tiba. Vipele vinavyowasha na kuvimba kama vya kuumwa na siafu, uso au midomo kufura, au pumzi kukwama, ni dalili za mzio: dawa husimamishwa na mtoto hukimbizwa hospitalini. Jina la dawa hiyo liandikwe katika kadi ya kliniki, kwa sababu mtoto huyo anaweza kuonwa na tabibu mwingine mwaka ujao.

Kapsuli ya mtu mzima kufunguliwa na kugawanywa kwa macho si kipimo. Tetrasaiklini huharibu rangi ya meno yanayokua, na kwa desturi haipewi watoto wa chini ya miaka 8. Sindano nayo imepewa heshima isiyostahili: wazazi wengi huamini kuwa dawa ya sindano ina nguvu kuliko ya kunywa, na baadhi ya watoa huduma hawawakatalii. Kwa mtoto anayeweza kumeza na asiye na dalili kali, amoksilini ya kunywa hufanya kazi ileile bila maumivu na bila hatari ya sindano isiyo safi. Sindano za hospitali ni za wale walio mahututi na wa vichanga.

Kwa kuharisha kusiko na damu, dawa ni maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Damu katika kinyesi, au kipindupindu, hubadilisha hukumu hiyo, na hapo tabibu huamua antibiotiki ipi.

Duka la dawa na mpaka

Tanzania ina mfumo ambao nchi kadhaa zimeutazama kwa makini: maduka ya dawa muhimu, yaliyojaribiwa kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Wauzaji wake hupewa mafunzo, na maduka yanaruhusiwa kuwa na orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya antibiotiki. Kwa kijiji kilicho mbali na hospitali, duka kama hilo huwa ndilo mlango wa kwanza. Sheria inataka cheti. Mazoea mara nyingi hayakitaki. Muuzaji mwema huuliza umri, uzito na dalili, na hujua kusema "huyu mpeleke zahanati". Anayeuza vidonge vinne kwa sababu fedha zilizoletwa zinatosha vinne humfanyia mteja hisani yenye sumu.

Kwa familia zinazovuka mpaka kwenda sokoni au kwa jamaa na kurudi na dawa mkobani, hatari huongezeka. Lebo huwa katika lugha nyingine, nguvu ya dawa hutofautiana na ile iliyozoeleka nyumbani, na hakuna wa kurudiwa mambo yakiharibika. Tarehe ya mwisho wa matumizi, nguvu ya dawa na maelezo ya maandishi vinafaa kukaguliwa kabla ya kuondoka dukani. Mabaki ya dawa ya mtoto mkubwa hayatunzwi kwa ajili ya mdogo wake.

Wataalamu wa Tanzania wana kifupisho cha tatizo linalotokana na mazoea haya yote: UVIDA, usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa. Duniani kote, vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilikadiriwa kutokana moja kwa moja na bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi kwa kila idadi ya watu ulikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Vichanga wako mbele katika hatari hiyo, kwa sababu maambukizi ya damu huwaua kwa haraka na hakuna muda wa kujaribu dawa ya pili.

Njia iliyopunguza haja ya antibiotiki bila ya kumnyima mtoto yeyote ni chanjo. Rwanda ilianza kutoa chanjo ya nimokoka mwaka 2009, Kenya mwaka 2011, na Tanzania ikafuata kuanzia mwaka 2013. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, maambukizi makali yaliyosababishwa na aina za bakteria zilizolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo hutolewa bila malipo katika kliniki za watoto, na aliyepitwa na tarehe yake bado anaweza kupelekwa ili muuguzi aangalie kadi na kupanga zilizobaki.